Kidonge Kinachochuja

Nguo inayochuja haifuliwi beseni moja na nyeupe. Asiyejua hilo asijiite dobi. Mama yake Cheche, aliyeitwa Dobi kwa kazi yake, alilijua tangu mgongo wake ulipokuwa bado umenyooka, na kwa kulijua huko alilea watoto, akasimamisha vyumba vya matofali, akapata wateja wa ofisini ambao mashati yao hayaguswi na mtu mwingine. Kwa hiyo asubuhi ile alipoketi uani na mabakuli mawili ya maji mbele yake, hakuna aliyeshangaa. Mshangao ulikuja walipoona kilichomo ndani ya bakuli si nguo.

"Mama, hizo si dawa zangu?" mkwewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndizo. Nimechukua kimoja kimoja tu, usinitolee macho kama nimekuibia ng'ombe. Njoo uone mwenyewe."

Mkwe huyu, mke wa Cheche, watu walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu alishona sare za shule kwenye cherehani pale chumba cha mbele. Siku hizi jina lilianza kumtania, maana tumbo lilikuwa limechomoza. Alikuja akachuchumaa kando ya bakuli, mkono mmoja kiunoni.

Katika bakuli la kwanza kidonge cheupe kilikuwa kimevunjika, maji yakaingia ukungu kidogo. Katika bakuli la pili kidonge cha rangi ya chungwa kilikuwa kimechuja. Maji yote yalikuwa na rangi kama chai ya jana.

"Unaona?" Dobi alisema. Hakuwa na furaha ya kushinda. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata alichokiogopa. "Kitu kinachotoa rangi kwenye maji, kitaacha kutoa rangi tumboni? Na mtoto analala ndani ya maji. Hicho cheupe endelea nacho. Hiki cha rangi hakikai na mtoto."

"Mama, hiki ndicho daktari wa viungo alichosema nisiache. Hata nikitapika, nisubiri nitulie, ninywe. Ile mbaya kwa mtoto ilikuwa nyingine, alishaniondolea zamani. Alinizuia hata kushika mimba mpaka iishe mwilini. Unakumbuka ulivyokuwa unaniuliza kila mwezi, vipi, bado?"

"Nakumbuka. Na aliyekuambia ile ni mbaya si ndiye aliyekuwa akikunywesha? Leo anasema hii ni nzuri. Kesho je?"

"Na hiki cha damu nilichopewa zahanati, chekundu kama tofali, mbona hukukitia majini?"

"Hicho ni cha mimba. Kina ruhusa ya kuwa chekundu."

Cheche alikuwa amesimama kwenye kona ya ua akifunga viatu vyake vya kazi. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, na huko kwenye karakana hakuwa mtu wa kuogopa kitu, lakini kati ya mama yake na mke wake alitembea kama mtu aliyebeba kioo. Sindano akamgeukia.

"Sema kitu."

"Mimi naona wote mna hoja," alisema Cheche.

"Ndiyo wewe!" mama yake akacheka bila kutaka. "Ukiulizwa nyumba inaungua wapi, utasema kote kote kuna joto."

Ugonjwa wa Sindano uliitwa lupasi, na ulimwanzia kwenye viungo. Daktari alimweleza kwamba ni kama askari waliowekwa kulinda nyumba wakageuka kumpiga mwenye nyumba. Ukikaa vizuri hauonekani, na hilo ndilo tatizo lake, maana mgonjwa asiyeonekana mgonjwa hana wa kumwamini. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Daktari alisema huenda ni ugonjwa ulioitoa. Mtaa mzima ulisema ni vidonge. Na mtaa una midomo mingi kuliko daktari.

Juzi yake alikuwa ameanza kliniki ya wajawazito kwenye zahanati ya karibu. Nesi alizishika zile dawa, akazigeuza, akaona jina asilolizoea. "Unakunywa dawa kali hivi na tumbo hili? Acha kwanza, mpaka umuulize daktari wako." Daktari wake yuko hospitali kubwa, na siku aliyopangiwa ilikuwa bado mbali. Sindano alikuwa amerudi na neno hilo moyoni kama mwiba. Sasa hapa uani mwiba ukapata wa kuusukuma.

"Mwanangu," Dobi alisema, na safari hii sauti ilikuwa chini, "ile ya kwanza niliizika mimi. Wewe ulikuwa umelala hujijui. Mimi ndiye niliyeishika. Sitaki kushika nyingine."

Sindano alimwaga maji ya mabakuli kwenye mfereji, akaingia ndani, akakichukua kile kikopo cha vidonge vya rangi ya chungwa akampa mama mkwe wake. Alimpa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

---

Msimwone Sindano mjinga. Alijaribu kuuliza. Alipiga simu hospitali kubwa, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena kesho yake, akapokea mtu wa mapokezi.

"Daktari wa viungo hapokei simu. Njoo siku yako."

"Siku yangu iko mbali, dada, na mimi nina swali moja tu. Niendelee na dawa au nisiendelee?"

"Hilo ni swali la daktari."

"Ndiyo maana namtaka daktari."

"Basi njoo siku yako."

Akaenda duka la dawa la njia panda. Muuzaji, kijana mwenye koti jeupe lenye wino mfukoni, alitoa karatasi ndani ya boksi, akaikunjua ikawa ndefu kama kanga, akasoma kwa kidole.

"Hapa wameandika, mjamzito asitumie bila ushauri wa daktari."

"Daktari ndiye aliyenipa."

"Alijua una mimba?"

"Alijua nitaipata. Tuliipanga naye."

"Lakini alikuwa hajaiona." Akaikunja karatasi. "Muulize tena, mama. Mimi nisije nikabeba lawama."

Ndiyo ikawa hivyo. Kila mtu aliogopa lawama, na wote wakambebesha yeye woga wao. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kuacha nako ni kuchagua. Walimwambia acha kama mtu anavyoambiwa kaa, pumzika.

Mwanzoni hakuona tofauti. Dobi akatabasamu. "Nilikuambia. Ona unavyong'aa." Sindano mwenyewe alianza kuamini. Kuamini kunapumzisha, hasa mtu aliyechoka kubishana.

Kisha vidole vikaanza. Asubuhi vilikuwa vigumu kama vijiti, akawa anaviweka kwenye maji ya uvuguvugu ndipo aweze kutunga uzi. Baadaye hata maji hayakusaidia. Sare zikarundikana. Akaja mama mmoja aliyelipia sare za watoto wake, akazikuta bado vipande.

"Fundi, shule zinafunguliwa. Watoto wangu waende na vitambaa mabegani?"

"Nisamehe, dada. Mikono inaniuma."

"Mikono! Sote tulizaa, na mikono yetu ilifanya kazi. Nipe kitambaa changu nikatafute mtu anayetaka kazi."

Akavikusanya vile vipande palepale mbele za watu, kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti. Sindano alisimama ameegemea cherehani, akimsaidia kutafuta ukosi uliopotea.

Miguu ikavimba. Dobi akasema mimba imekaa. Uso ukavimba. Dobi akasema ni mtoto wa kike, wa kike humvimbisha mama. Mashavuni ukatoka wekundu wa lupasi uliokuwa umesahaulika, ukapanda mpaka juu ya pua. Dobi hakusema kitu, ila siku hiyo alichoma shati la mteja kwa pasi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Na kulikuwa na lile ambalo Sindano hakumwambia mtu, maana ni jambo la chooni. Mkojo ulitoka na povu, povu zito kama la sabuni. Katika nyumba ya dobi, nani atashangaa povu? Yeye mwenyewe mwanzoni alidhani kuna mtu amemwaga maji ya kufulia.

Cheche ndiye aliyezinduka. Alirudi kazini jioni, akamkuta mkewe kakaa kitandani na gauni limekwama mabegani, halipandi wala halishuki, mikono haiwezi vifungo. Alikuwa analia kimya, bila hata kufuta.

"Tangu lini?"

"Tangu niliposikia wote mna hoja," Sindano alisema.

Neno hilo lilimwingia. Alimvalisha gauni polepole, kifungo kwa kifungo, kwa vile vidole vyake vyenye makovu ya moto, kisha akatoka uani. Dobi alikuwa anaanua nguo.

"Mama, kesho tunakwenda hospitali kubwa. Siku yake au si siku yake."

"Na mimi naenda," Dobi alisema. Hakubisha. Hilo likamtisha Cheche kuliko yote.

---

Hospitali kubwa ina jengo la wajawazito upande mmoja na jengo la magonjwa ya viungo upande mwingine, na katikati kuna ukumbi mrefu wenye mabenchi ya chuma. Wakaanza upande wa wajawazito. Nesi wa zamu alipima presha, akakunja uso, akapima tena.

"Presha iko juu. Lakini mbona kadi inasema una lupasi? Huyu ni mgonjwa wa viungo. Mpelekeni kule kwanza."

Wakavuka ukumbi. Kule, karani aliyekuwa anakula njugu aliwatazama kutoka dirishani.

"Leo si siku ya kliniki ya lupasi. Halafu huyu ana mimba na presha. Hayo ni ya wajawazito."

"Wametuleta huku," Cheche alisema.

"Wamekosea. Rudini."

Wakarudi. Nesi akasema, bila barua ya daktari wa viungo yeye hawezi kumgusa. Wakavuka tena. Karani akasema barua huandikwa siku ya kliniki. Dobi alikuwa amemshika mkwewe mkono, na kila walipovuka alihisi mkono ule unazidi kuwa mzito.

Safari ya mwisho, Sindano alisimama katikati ya ukumbi. Akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. Kisha akashuka polepole, akaketi sakafuni, miguu iliyovimba mbele yake, njia yote ikazibwa. Vitanda vya magurudumu havikupita. Mfagizi akasimama na ufagio wake.

"Mama, benchi zipo," mlinzi alisema.

"Benchi lile ni la wajawazito, na lile la wa viungo. Mimi sijaambiwa bado ni wa wapi. Nitakaa hapa mpaka waje wote wawili waniambie pamoja."

"Unaziba njia, mama."

"Mimi nimezibiwa tangu asubuhi."

Mlinzi akamtazama Cheche, kama kumwambia mwinue mkeo. Cheche akavua kofia yake, akaketi sakafuni kando ya mkewe. Dobi naye, pamoja na magoti yake, akashuka akishikilia ukuta. Watatu hao wakakaa katikati ya hospitali kama watu waliokuja msibani.

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema hawa wamekataa kulipa. Mwingine akasema aibu hawana. Sindano alisikia yote, na masikio yakamwaka moto, lakini hakuinuka.

Akaja daktari wa wajawazito, mwanamke wa makamo, miwani juu ya kichwa, amekasirika. Aliinama kufoka, kisha akauona ule wekundu mashavuni. Akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. "Mkojo una povu?" aliuliza.

"Ndiyo," Sindano alisema.

Cheche akageuka ghafla. Dobi akafumba macho.

"Mwiteni daktari wa viungo," daktari alisema. "Ndiyo, najua si siku yake. Mwiteni."

---

Walimlaza kwenye chumba kidogo. Mkojo na damu vikachukuliwa. Daktari wa viungo alikuja, mwanamume mrefu anayeongea taratibu, na hao madaktari wawili wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda wakaongea juu ya kichwa cha mgonjwa kama watu wanaopimiana kitambaa.

"Naomba mniambie na mimi," Sindano alisema.

Daktari wa viungo akavuta kiti. "Ugonjwa umeamka na umeingia kwenye figo. Tulikuwa tunabishana kama ni ugonjwa au ni presha ya mimba, kwa kuwa sura zao zinafanana na matibabu hayafanani. Majibu yanasema ni ugonjwa. Sasa niambie. Vidonge vya rangi ya chungwa unakunywa?"

Cheche alitazama kofia yake.

"Niliviondoa mimi," Dobi alisema.

Akaeleza. Alieleza yote, mabakuli, maji, rangi, na jinsi mtoto anavyolala ndani ya maji. Alieleza kama anavyoeleza mteja kwa nini shati limeharibika, bila kujitetea. Nesi aliyekuwa anafunga mkanda wa presha akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kifupi tu, kilichotoka puani. Dobi akainamisha kichwa, na mitandio yake miwili ikaonekana imechakaa kuliko asubuhi.

"Usimcheke," Sindano alisema.

"Samahani, sikukusudia…"

"Sista, kule zahanati waliniambia niache. Duka la dawa wakaniambia hivyohivyo. Hapa nilipiga simu, nikaambiwa ningoje siku yangu. Hao wote wamesoma, na hakuna aliyehangaika hata kidogo kutafuta jibu. Huyu mama yangu hajui kusoma karatasi ya boksi, lakini yeye peke yake alijaribu kujua. Alikosea. Lakini alijaribu."

Nesi akatoka na mkanda wake.

Daktari wa viungo akamtazama akitoka. Kisha akamgeukia Dobi, akasema kwa heshima, lakini hakupaka asali. "Mama, ile rangi ni ganda la nje tu, limewekwa ili kidonge kisichanganywe na kingine. Haimdhuru mtoto. Dawa iliyokuwa hatari kwa mtoto niliiondoa kabla ya mimba, ndiyo maana niliwasubirisha. Hii iliyobaki ndiyo iliyokuwa inawalinda wote wawili. Mjamzito mwenye lupasi akiiacha ghafla, ugonjwa huamka, na ugonjwa ndio unaotoa mimba."

"Kwa hiyo ile ya kwanza…"

"Hatuwezi kujua kwa hakika. Lakini vidonge hivi sivyo ninavyovishuku."

Dobi akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea maagizo ya mteja mgumu. Mikono yake iliyobabuka kwa sabuni ilikuwa inakunjua na kukunja pindo la shuka.

"Mtoto?" Cheche aliuliza.

Daktari wa wajawazito akaweka kifaa tumboni. Ikasikika mikwaruzo, ikasikika hewa, kisha ukaja ule mdundo wa haraka haraka, kama cherehani inayokimbia kwenye mshono ulionyooka. Cheche alijifanya anatafuta leso.

"Yupo," daktari alisema. "Ni mdogo kuliko nilivyotaka. Hutatoka hapa karibuni. Figo tukizituliza, tutamwacha akue kadiri tutakavyoweza. Tusipoweza, tutamtoa mapema. Siahidi zaidi ya hapo."

"Nani ataniandikia dawa, wewe au yeye?" Sindano aliuliza.

Madaktari wakatazamana.

"Sote wawili," daktari wa viungo alisema. "Tumeshaandika pamoja. Hicho cha chungwa kinarudi leo leo, cheupe kinaongezwa, na kuna kingine ambacho wajawazito wanaruhusiwa, pamoja na cha presha."

"Na mtu mwingine akiniambia niache?"

"Mwambie atuite."

---

Cheche aliondoka jioni kwenda kuomba ruhusa kwa mwenye karakana, akijua atakavyosemwa. Dobi akabaki kwenye stuli kando ya kitanda. Alimfunika miguu kwa mtandio wake mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, unisamehe."

Sindano alitazama dari. "Mama, nimechoka. Nikikukasirikia wewe, itabidi nimkasirikie na mumeo mtarajiwa yule wa duka la dawa, maana mlisema neno moja."

"Mume wangu nani! Yule kijana wa wino?" Dobi akashtuka, kisha akaelewa kwamba anataniwa, machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Nitakusamehe," Sindano alisema baadaye. "Lakini si leo. Leo sina nguvu ya kukudanganya."

"Sawa. Nitangoja."

Zamu ikabadilika. Akaingia nesi mwingine, mgeni, akisukuma kitoroli cha dawa, anatembea kwa kasi ya mtu mwenye wagonjwa wengi. Alisoma jina, akamimina vidonge kwenye kikombe kidogo, akakinyoosha. Kisha akakirudisha nyuma. Akakitazama kile cha rangi ya chungwa, akalitazama tumbo.

"Ngoja kwanza. Wewe si mjamzito? Hiki ni kikali. Nitakiweka kando mpaka kesho nimuulize daktari."

Dobi akainuka kwenye stuli kwa nguvu ambayo magoti yake hayakuwa nayo asubuhi. Mdomo ulishafunguka. Sindano akamshika mkono.

"Kaa, mama."

"Lakini anataka…"

"Kaa. Hiki ni changu."

Alijiinua kwa kiwiko. Vidole vilikuwa bado vigumu, haviwezi kukunjika vizuri, kwa hiyo hakukipokea kikombe, alikizingira kwa viganja vyote viwili pamoja na mkono wa nesi, akakivuta mpaka mdomoni. Akameza kile cha chungwa kwanza. Akameza vingine. Akanywa maji yote, asibakishe tone.

"Dada, mbona hivyo!" nesi alisema, mkono bado uko hewani.

"Wamekiandika madaktari wawili, kiko hapo kwenye faili langu," Sindano alisema, akalala chini tena na kuvuta shuka. "Sasa nenda kawaulize."